Mwanangu, siku ile hukuwa mkaidi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza swali ulilopewa na mgeni unayemfundisha Kiswahili: kwa nini tunasema "nasikia harufu" ilhali anayenusa ni pua? Nimelala nalo siku tatu.

Mwambie kusikia kwetu hakuishii kwenye sauti. Tunasikia harufu ya kitu kinachoungua, tunasikia baridi, njaa, usingizi, maumivu ya jino, hata raha. Kuona nako hujipenyeza, maana tunaona haya na tunaona kiu, lakini kusikia ndiko kulikotapakaa mwili mzima. Na sikio lenyewe limezaliwa na kitenzi hicho, kama pigo lilivyozaliwa na kupiga. Jicho halikutokana na kuona, wala mguu na kutembea. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Tena mwonyeshe watoto wa neno hili. Kesi husikilizwa. Watu wakipatana husema wamesikilizana. Ukimeza dawa unaambiwa usikilizie kwanza, yaani utulie uone mwili unasemaje. Hilo ndilo nilipendalo kuliko yote. Methali anazijua, nadhani: sikio la kufa halisikii dawa, sikio halilali na njaa. Ya pili ni ya umbea, na ni kweli tupu.

Ila kuna neno moja ambalo sikuwahi kukusimulia vizuri. Kwetu mtoto msikivu ni mtoto mtiifu, na asiyetii tunasema hasikii. Ulipokuwa na miaka minne nilikuwa nakuita mara tatu, hugeuki. Nikakutangaza mbele ya watu: mtoto huyu hasikii, hana ndewe wala sikio. Nilikufinya sikio hilo hilo, mwanangu, ukalia bila kujua kosa lako.

Mpaka siku moja sufuria ikaniponyoka ikaanguka sakafuni nyuma yako. Mimi niliruka. Wewe uliendelea kupanga vifuniko vyako vya chupa, kimoja juu ya kingine, hata bega halikutikisika.

Daktari alikuchungulia masikioni kwa kile kitochi chao, akaniambia kuna majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, jambo linalowapata sana watoto wadogo, mara nyingi baada ya mafua. Kiwambo kikilemewa na maji hakitikisiki sawasawa, na sauti hufika zimefifia, kama umezamisha kichwa majini. Neno lilikuwa kweli tangu mwanzo: hukuwa unasikia. Nilikuwa nimeishika ile maana mbaya, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na ulimi wangu. Nisamehe.

Majimaji yalikauka yenyewe baada ya miezi michache. Jioni moja ulikuja mbio kutoka chumbani, ukanishika nguo, ukaniuliza ni nini kile kinacholia juu. Ilikuwa mvua, ndiyo kwanza inaanza kudondoka kwenye paa.

Mama yako