Mwanangu, hiyo ndege ameifungua nani?

Mwanangu, waalaikumu salaam.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikamsomea mamako. Unauliza kama ni busara kukopa benki ununue Cessna Caravan iliyotumika, uachane na kukodi ndege kila ukienda Dodoma na Mwanza. Mambo ya benki unayajua kunishinda. Mimi nakuuliza: hiyo ndege ameifungua nani?

Umeanza na rangi mpya na viti vya ngozi. Saa za injini umeziweka chini kabisa: 3,200 tangu matengenezo makubwa, na kikomo kilichowekwa na kiwanda ni 3,600. Basi unanunua saa 400. Ukiruka saa 20 kwa mwezi, ni mwaka na miezi minane, kisha injini inashushwa na mkopo bado unaudai mshahara wako.

Mashua yetu unaikumbuka? Ulikuwa hujaanza chuo. Mimi na ami yako tuliifuata Pangani mwaka 1988, ya kijani inang'aa, na tanga jipya. Mzee mmoja, fundi wa vyombo, akaniomba siku moja tu aipandishe mchangani, akwangue deheni, ule mpako wa kuzuia maji, agonge ubao mmoja mmoja. Nikaona ananichelewesha. Muuzaji alikuwa na mnunuzi mwingine, au ndivyo alivyosema, na mamako alishauza bangili zake sita. Kaskazi ya kwanza tu, maji yakaingia karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Tulipoikwangua, kisu kilizama ubaoni kama kwenye muhogo uliochemshwa. Nikakichomoa, nikajaribu ubao wa pili. Ami yako akageuka, akatazama bahari. Wadudu walikula ndani kote, wakatuachia ganda na rangi.

Muuzaji mwenye haraka mwongezee siku. Nilikwambia uliponunua pikipiki, nakwambia tena.

Utasema ndege si mashua, ina daftari, na TCAA, wale wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hawaandikishi kitu wasichokikagua. Kweli. Na huenda zile mbao zimenitia woga usio na maana. Injini kuwa moja hakunitishi, Caravan zinatua hapa Tanga na watu wanapanda kwenda Pemba. Lakini injini yake ni turbini; ikiwashwa vibaya mara moja, joto laweza kuunguza mapanga yanayozunguka ndani, na nje usione kitu. Kuna kamera ndogo huingizwa ndani kuyatazama, je, imeingizwa? Umesema pia ndege hiyo imekaa miaka kisiwani. Nani alikuwa akiiosha injini kwa maji baridi, yasiyo ya bahari, kuitoa chumvi? Hayo yameandikwa daftarini, au ni maneno ya mdomoni?

Nilishaandika "usinunue", nikafuta. Fedha ni yako, na zile safari zako za usiku kwa gari ndege ya kukodi inapokosekana hazinipi usingizi. Ingekuwa ni mimi... basi, niache hapo.

Muuzaji mwenye haraka mwongezee siku. Usitoe hata arubuni kabla hujamlipa fundi asiyejuana naye, aifungue. Kisha nipigie picha kurasa za daftari la injini, zote, hata zilizolowa mafuta.

Mamako amekaa hapa ananisikiliza nikiisoma. Anasema nirekebishe: bangili hazikuwa sita, zilikuwa nane.

Babako