Maswali na Majibu: Kiwewe cha Shabaha na Mchecheto wa Mwindaji wa Upinde

Wakati huku Mtwara na Lindi watu wamo mashambani wakiokota korosho, barua nyingi zilizonifikia safari hii zimetoka kwa watoto wetu walioko Marekani, ambako miezi hii hii ni msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde. Kulungu wanayemtaja si mbawala wetu wa vichakani, ambaye pembe zake hukaa naye mpaka kufa; ni mnyama wa jamii nyingine, mwenye mkia mweupe upande wa chini, ambaye dume lake hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Katika majibu yangu nitatumia maneno mawili ambayo naomba yasichanganywe. Mchecheto ni moyo kwenda mbio na magoti kutetemeka mnyama anapotokea. Kiwewe cha shabaha ni mkono kufyatua, au kugoma kufyatua, bila idhini ya mwenyewe, hata mbele ya gunia lisilo na roho. Karibu kila aliyeniandikia ameyaita yote mawili woga, na kosa hilo ndilo linalowachelewesha wengi kupona, kwa kuwa tiba ya moja haiponyi lingine.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea na sasa nafanya kazi Wisconsin. Natumia upinde wa roda, ule wenye magurudumu ya kupunguza uzito wa kuvuta, pamoja na kifyatulio cha kidole, yaani kishikio cha mkononi kinachoachia kamba kidole kikibonyeza. Mwaka wa kwanza nilipiga vizuri, lakini sasa nukta ya kulengea ikikaribia katikati ya shabaha hukwama chini yake, na nikiilazimisha ipande, kidole hufyatua chenyewe. Nimenunua upinde mwingine na hali ni ile ile. Nimeingiwa na nini?

Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho kiwewe chenyewe, na fedha ya upinde wa pili ungeitunza, kwa sababu tatizo haliko kwenye upinde. Ulipoanza, kila nukta ilipogusa katikati ulijiambia "sasa" ukabonyeza. Umefanya hivyo mara elfu kadhaa, na kwa kila mara uliufundisha ubongo kwamba jicho likiona katikati, kidole kitende. Leo jicho halikuombi ruhusa tena. Na kule kukwama chini ya shabaha, ambako wewe unakuona kama ugonjwa wa pili, kuna asili ile ile: ubongo umeshajua kwamba nukta ikifika katikati mshale utafyatuka ghafla kama mlipuko, basi unaizuia isifike. Wapiga upinde wa Uingereza waliita hali hii hofu ya dhahabu, kwa kuwa kitovu cha shabaha yao ni cha rangi ya manjano, nao huita rangi hiyo dhahabu.

Nami kilinipata nilipokuwa masomoni huko. Nakumbuka nilivyosimama hatua kumi na tano tu kutoka kwenye shabaha, nikiitazama nukta ikicheza chini ya duara la manjano kama nzi aliyegonga kioo, na mshale ukaondoka huku mimi bado najiuliza kama niufyatue. Ulichoma majani chini ya mguu wa kiunzi. Mwenzangu alicheka; mimi nilifungasha vitu vyangu nikaondoka.

Tiba ni kukata uzi uliounganisha jicho na kidole, na uzi huo haukatiki kwa kukazana. Anza kwa kuiondoa shabaha. Simama hatua tatu mbele ya gunia lisilo na alama yoyote, hakikisha nyuma yake hakuna mtu wala mfugo, vuta upinde, elekeza mshale katikati ya gunia, kisha fumba macho. Sasa huna cha kulenga, na kazi pekee iliyobaki ni kusikiliza mgongo: mafupa mawili bapa ya mabega yanavyosogeleana, kiwiko kinavyozunguka kurudi nyuma, na kidole kilichojikunja juu ya kifyatulio kikivutwa na mwendo huo pasipo kubonyeza. Mshale ukiondoka unapaswa kukushtua kidogo. Fanya hivyo kila siku kwa wiki tatu au nne, mishale ishirini au thelathini tu, na katika muda huo usilenge shabaha hata moja, kwa sababu alasiri moja ya kufyatua kwa mazoea ya zamani inabomoa kazi ya siku nyingi.

Ndipo urudishe shabaha, lakini kwa zoezi ambalo wengi hulidharau: vuta, weka nukta katikati, iache ikae hapo kwa hesabu ya polepole ya nane, kisha urudishe ugwe, yaani kamba ya upinde, taratibu bila kufyatua. Kumi za namna hiyo kwa mshale mmoja unaoachiwa. (Kurudisha ugwe ukiwa umeushikilia si sawa na kufyatua upinde mtupu, hilo la pili huvunja upinde na linaweza kukujeruhi.) Ubongo unajifunza kwamba katikati ni mahali pa kukaa, wala hapaleti mlipuko. Baada ya hapo weka shabaha kubwa karibu, sogea nyuma hatua tano tano, na siku kiwewe kikirudi usibishane nacho, rudi ulikotoka. Unapovuta, jisemee neno moja la kitendo, kwa mfano "vuta, vuta, vuta", mpaka mshale uondoke, kwani akili iliyoshughulika kusema neno hilo haina nafasi ya kusema "sasa". Wapo wanaobadilisha kifyatulio na kuchukua kisicho na kitufe, kinachoachia kwa mkono kuzunguka. Husaidia, ila mtu akikizoea na kuanza kukizungusha kwa makusudi, kiwewe humfuata humo humo.

Niko Mikindani, napenda kulenga shabaha kwa upinde wa kawaida, na sina uwanja wala vifaa. Je, naweza kufanya mazoezi nyumbani?

Unaweza, na kwa tiba niliyoieleza nyumbani ni pazuri kuliko uwanjani, maana hakuna anayehesabu alama zako. Chukua magunia mawili ya korosho yaliyochakaa, tia moja ndani ya jingine, yajaze vipande vya kanga, nguo kuukuu na chandarua kilichotoboka, shindilia kwa mguu mpaka liwe gumu kama godoro jipya, kisha shona mdomo kwa shazia na uzi wa katani. Litundike kwenye tawi la mwembe liguse ardhi kidogo, nyuma yake pawe na ukuta au kichuguu. Tumia mishale yenye ncha butu za mazoezi. Watoto wa jirani wataarifiwa, na kuku watafungiwa.

Mwalimu, mimi ni wa Newala, niko Pennsylvania. Uwanjani sikosi. Lakini mwezi uliopita dume la kulungu lilisimama hatua ishirini kutoka kwenye dungu langu, moyo ukapiga mpaka nikausikia masikioni, nikasahau kila kitu, na mshale ukapita juu ya mgongo wake. Je, nami nina kiwewe?

Kwa maelezo yako, la. Mkono unaotii uwanjani na kuasi mbele ya mnyama peke yake una mchecheto, na mchecheto ni damu tu iliyojaa homoni ya kukimbia au kupigana. Moyo unapokwenda mbio vidole hupoteza ustadi na macho huona sehemu finyu tu. Huwezi kuuzuia usije. Unachoweza ni kupunguza maamuzi yatakayobaki kufanywa wakati umefika.

Kwa hiyo pima masafa kabla, ukiwa umetulia: huu mti ni mita kumi na tano, lile jiwe ni ishirini na tano, na kupita hapo sipigi. Mnyama anapokuja, tazama pembe mara moja, amua, kisha usizitazame tena. Anayeendelea kuhesabu matawi ya pembe humpigia juu, kwa kuwa mshale hufuata jicho. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita ishirini hadi ishirini na tano, nalo ukiliangalia lote unapiga popote. Tafuta unyoya mmoja, au kikunjo kidogo cha ngozi nyuma ya bega, uutazame huo. Vuta upinde kichwa chake kikiwa nyuma ya shina. Toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza, mara mbili au tatu, kabla hujagusa ugwe.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wengi mnadhani dawa ni haraka. Mshale wa upinde wa roda huenda takribani mita 80 kwa sekunde, na sauti huenda takribani mita 340. Kwa mita ishirini mshale unatumia robo ya sekunde, ilhali mlio wa ugwe umemfikia mnyama zamani. Kulungu aliyeshtuka hujikunyata ili aruke, mgongo unashuka, na mshale unapita juu. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwako, na kosa likawa kumpiga mnyama aliyekwisha kukushuku, mkono wenyewe ukiwa salama. Msubiri anayekula majani na mkia umelala.

Kwa mazoezi, panda ngazi mbio mpaka upumue kwa kinywa, kisha piga mshale mmoja. Na kila asubuhi, kabla mwili haujapata joto, piga mshale mmoja tu ukiwa na koti lile la kuwindia, uweke upinde. Porini hutapewa mishale mitano ya kujipasha. Mkanda wa usalama, nisikukumbushe tena: mtu anayetetemeka juu ya mti asiwe hajajifunga.

Rafiki ananishauri ninywe vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo kabla ya kushindana au kuwinda. Ni sawa? (Msomaji, Masasi)

Si sawa. Dawa za kuzuia beta (beta-blockers), ambazo hupunguza mapigo ya moyo, zimepigwa marufuku katika mchezo wa upinde na shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wakati wa mashindano na hata nje yake. Kwa mwenye pumu zinaweza kumbana kifua vibaya. Zimeandikwa kwa wagonjwa, na anayeziandika ni daktari.

Mwanangu, mimi ni askari wa wanyamapori mstaafu, Liwale. Babu zetu walivuta na kuachia kwa pigo moja, bila kushikilia. Kwa maelezo yenu, nao walikuwa na kiwewe? Na mjukuu wangu amechonga upinde, anataka kuwinda mbawala.

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote. Upinde wa mti hauna roda za kupunguza uzito, kwa hiyo aliyevuta hubeba uzito wote mpaka mwisho, na kuushikilia kwa muda mrefu ni kuchosha mabega bure. Kuachia haraka si kiwewe iwapo mwenyewe ndiye aliyeamua. Kipimo ni kimoja: mwambie mjukuu avute na kumlenga mbuzi wa udongo, na mshale ukiwa tayari kuondoka umwambie "rudisha". Akirudisha kwa utulivu, mkono ni wake. Mshale ukimponyoka, au akikuapia kwamba hakusikia, ameshaanza kuugua. Nina hakika babu zetu wangekishinda kipimo hicho, kwa sababu aliyekuwa na mishale mitatu iliyochongwa kwa siku nzima hakuwa wa kuipoteza ovyo.

Kuhusu mbawala, mzee, wewe unaijua sheria kuliko mimi: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni, uwe na bunduki au upinde wa kuchonga. Mpe gunia.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Kilwa, naishi Ohio. Mwaka jana nilimpiga kulungu jike nyuma mno, tukamtafuta usiku kucha hatukumpata. Tangu hapo nikivuta upinde mkono hunigomea. Je, niache?

Dada yangu, pole sana. Nianze na lile la kutafuta, kwa sababu huenda ndiko majuto yalikozidi. Mshale uliorudi na damu ya waridi yenye povu umepita mapafuni, na mnyama hufuatwa baada ya nusu saa. Mshale wenye majimaji ya kijani na harufu umepita tumboni, na hapo hungojewa kwa saa sita au zaidi, kwa kuwa akifuatwa mapema huinuka na kwenda mbali, ilhali akiachwa hulala karibu. Kumfuata usiku ule ule kulitokana na huruma, na mara nyingi huruma hiyo ndiyo inayompoteza.

Mkono wako unagoma kwa sababu umeona matokeo, na kwa maoni yangu mkono wa namna hiyo una heshima kuliko ule usiojali. Usiulazimishe. Fanya zoezi la gunia na macho yaliyofumbwa, kama nilivyomweleza kijana wa Nachingwea, kisha jiwekee mpaka wa nusu ya masafa unayoyamudu uwanjani: kama hukosi kwa mita thelathini, porini usipite kumi na tano, na umpige aliyesimama ubavu au aliyegeuka kidogo kukupa mgongo. Msimu huu nenda dunguni ukiwa umeamua kwamba wanyama watatu wa mwanzo hutawapiga. Wakipita karibu na wametulia, vuta, weka nukta penye kikunjo nyuma ya bega, hesabu, rudisha ugwe. Ukifika kwa wa nne na mkono bado unagoma, shuka urudi nyumbani ule ulichopika, uniandikie tena Januari.