Wasomaji Wanauliza: Picha za Timu za Zamani

SWALI: Nina picha ya timu ya mpira aliyochezea marehemu babu hapa Moshi. Ilisafishwa upya studio kutoka negativu (filamu ya kamera) ya zamani, na nyuma yake yakanakiliwa majina ya picha ya kwanza: "Waliosimama kutoka kushoto". Jina la tatu ni la babu, lakini babu mwenyewe yuko wa tatu kutoka kulia. Mzee mmoja anasema majina yamekosewa. Mwingine anasema picha ilipigwa Kenya, maana kilele cha Mawenzi cha Mlima Kilimanjaro kinaonekana kushoto mwa kile cha Kibo. Tumwamini yupi?
Msomaji, Pasua

JIBU: Huenda wazee wote wawili wamepotea njia, na mlima ndio umesema kweli. Ukiwa Moshi mjini, Kibo iko kushoto kwako, na Mawenzi, ile iliyochongoka, iko kulia kwa sababu imekaa mashariki. Ni kweli ukihamia Loitokitok, upande wa Kenya, mpangilio unageuka. Lakini unageuka vilevile fundi akiiweka negativu kinyume. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia wenye utando wa dawa. Huo uliofifia ndio unaotakiwa kuelekea karatasi ya picha. Ukielekea juu, kushoto inakuwa kulia.

Hakikisha kwa nguo. Jezi nyingi hazina vifungo, kwa hiyo waangalie viongozi waliovaa shati au koti. Vazi la kiume hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu, na mfuko wa kifuani uko kushoto kwake, yaani kulia kwako unayemtazama. Ukiuona mfuko kushoto kwako kwa zaidi ya mtu mmoja, picha imegeuzwa. Tazama pia mpira ulioko miguuni mwa wachezaji: timu nyingi ziliandika jina au mwaka kwa chaki, na watu huyaacha maandishi hayo wakidhani yamefutika kumbe yamepinduka. Saa ya mkononi ni ushahidi dhaifu, wapo wanaoivaa mkono wa kulia.

Usifute majina ya nyuma. Piga nakala kwa simu, kisha chagua kugeuza kama kioo. Kuizungusha hakusaidii, utawasimamisha watu kwa vichwa tu. Hesabu upya kutoka kushoto.

SWALI: Tutajuaje mwaka, na majina ya wale wasioandikwa?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Mwaka hupangwa na kitu kipya kuliko vyote pichani, si kikuukuu. Mpira wa ngozi unaofungwa kwa kamba haumaanishi lolote peke yake, timu za mitaani ziliutumia hadi ulipochakaa. Mpira wa mabaka meusi na meupe ulienea baada ya Kombe la Dunia la 1970. Jezi yenye herufi EAR&H ni ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lililoanza 1948, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Bango la CCM haliwezi kuwepo kabla ya Februari 1977. Na maelezo yakitaja uwanja wa Sheikh Amri Abeid, basi yameandikwa baada ya kifo chake mwaka 1964, hata kama picha yenyewe ni ya zamani zaidi. Hapo wengi hunaswa: wanatoa tarehe ya maandishi wakidhani ni ya picha.

Kwa majina, chapisha nakala ya ukubwa wa A4, kila kichwa kikiwa na namba, na umwone kila mzee peke yake. Ukiwakusanya, mwenye sauti kubwa ndiye atakayewataja wote. Usimuulize "Huyu si fulani?", maana kwa heshima tu atakuitikia. Muulize kimpira: "Namba saba alikuwa nani? Golikipa je?" Wengi hukumbuka namba na jina la utani kabla ya jina la ubatizo. Kipa mtamtambua kwa jezi tofauti. Lakini aliyeshika mpira katikati si lazima awe nahodha. Jina lililotajwa na wawili ambao hawajaongea wao kwa wao, liandike. La mmoja, liwekee alama ya kuuliza. Lisilojulikana liache wazi.

SWALI: Picha imegandia kwenye kioo cha fremu. Nitumie maji ya moto?
Msomaji, Kaloleni, Arusha

JIBU: Hapana! Unyevu ndio uliolainisha utando wa jelatini ukashika kioo. Ukivuta, sura zinabaki kwenye kioo. Iache humo humo. Safisha kioo kwa nje kwa kitambaa kikavu, ilaze karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, zima flashi. Toboa tundu kwenye kitambaa cheusi, pitisha lenzi ya simu hapo na upige kutoka juu. Kitambaa kitazuia uso wako na dari kuonekana kwenye kioo.