Fundi, nimeweka diski mpya na klachi imekataa kuachia

SWALI: Fundi habari ya huko Nakuru. Mimi niko Kisumu. Babangu alikuwa afisa wa kilimo na alipostaafu alibaki na Yamaha DT175 ya miaka ya 70, imekaa kwa stoo mpaka kuku wakaanza kutaga juu ya kiti. Nimeirudisha barabarani pole pole. Klachi ilikuwa inateleza, nikipanda Riat injini inalia tu na mwendo hakuna, nikanunua seti ya diski na springi nikafunga mwenyewe Jumamosi. Sasa haitelezi lakini nikivuta klachi nikitia gia ya kwanza inaruka mbele inazima, na nikisimama kwa jam ya Kondele nyutro haipatikani mpaka nizime injini. Leva nayo imekuwa laini ajabu, nimekaza waya mpaka uzi wa ajasta umeisha. Rafiki yangu anasema diski ni feki nirudishe duka. Ni kweli?
– Msomaji, Kondele

JIBU: Omera, usirudishe kitu bado. Hiyo leva laini ndiyo imekusema.

Angalia hivi, diski zako za zamani zilikuwa zimeliwa, kwa hivyo ukizipanga pamoja na pleti za chuma mrundo wote ulikuwa mwembamba. Mpya ni nene. Mrundo ukiwa mnene, presha pleti, kile kifuniko kinachobana mrundo, inasukumwa nje kidogo, na pushi rodi, ile fimbo ya kuisukuma iachie, inayotoka upande wa kushoto ikipita ndani ya shafti sasa haiifikii mapema. Unavuta leva, nusu ya safari inaisha kabla chochote hakijaguswa, na ile nusu iliyobaki haitoshi kuachanisha diski. Waya wa juu hauwezi kutibu hiyo, hata ukaze mpaka kesho.

Kuna skrubu ya ajasta kwa klachi yenyewe, iko na nati ya kuifunga. Yamaha zingine imekaa katikati ya presha pleti, zingine iko upande wa kushoto karibu na sproketi. Kwanza legeza waya wote, juu kwa handeli na chini, uwe unaning'inia. Halafu legeza nati, ingiza skrubu kwa vidole na bisibisi bila nguvu mpaka uhisi imegusa, irudishe robo ya mzunguko, shikilia hapo ufunge nati. Ndio sasa urudi kwa waya, uache mchezo wa milimita 2 mpaka 3 pale leva inapokutana na kishikio chake. Watu wengi wanaanza na waya na hapo ndipo wanapotea.

Sasa, kama utaingiza hiyo skrubu na inazama tu bila kugusa kitu, nitakuuliza swali lingine: ile oili uliyomwaga uliipeleka wapi?

Nauliza kwa sababu yalinipata. Nilikuwa bado najifunza kazi kwa gereji moja hapa mtaa wa Shabab, tukafungua Yamaha ya mteja, nikavuta ile pushi rodi fupi yenye kichwa kama uyoga nikaiweka juu ya gazeti. Sikujua kwamba kati ya rodi fupi na rodi ndefu kunakaa gololi moja ya chuma. Ilikuwa imeshikwa na oili kwa ncha ya rodi, ikaanguka kwa karai, hakuna aliyeisikia. Tukafunga kila kitu, klachi ikawa kama yako, leva laini kama ya baiskeli isiyo na breki. Tukafungua tena mara 2. Diski tukazigeuza, tukazilaumu, mwenye piki akatumwa kununua zingine. Oili chafu yenyewe tulikuwa tumempa mzee jirani apake nguzo za boma zisiliwe na mchwa, na siku ya tatu akaja na mkebe wake anatuuliza hii shanga yenu ni ya nini. Sijawahi kumwaga oili tena bila kupitisha sumaku chini ya karai.

Kwa hivyo pitisha sumaku. Ukikosa, nenda kwa duka la beringi ukiwa na vania, kile kipimo cha milimita, pima kipenyo cha rodi na cha tundu uwaonyeshe. Usichukue gololi ya habu ya nyuma ya baiskeli kwa vile iko karibu, hiyo ni milimita 6.35 na kama yako ilikuwa kubwa zaidi bado utakuwa umepungukiwa na urefu. Wakati wa kuirudisha pakaa grisi kidogo, isukume na rodi fupi, na rodi yenyewe iviringishe juu ya kioo uone kama imepinda.

Ukiwa umefungua, kuna mambo bado, maana umesema ulifunga Jumamosi na nina hakika ulikuwa na haraka. Diski mpya ulizilowesha? Zinatakiwa zilale kwa oili ya gia usiku mzima, ama masaa machache kabisa, ukizifunga kavu zinanata na zinaweza kuungua siku ya kwanza. Pleti za chuma ulirudisha zile za zamani? Hakuna ubaya, lakini weka kila moja juu ya kioo cha dirisha, ibonyeze kwa kidole pembeni, ikicheza kama kifuniko cha sufuria imepinda na hiyo peke yake inatosha kufanya klachi ikatae kuachia. Kwa piki nyingi inayoanza kuingia ni diski na inayomaliza ni diski, chuma kati kati, ukiona umemaliza na chuma kuna mahali ulikosea hesabu.

Halafu pitisha ukucha kwa vidole vya hausingi, kile kikapu kinachobeba diski, pale meno ya diski yanapokaa. Piki iliyotembea miaka mingi meno huchimba vidole ikaacha ngazi ngazi, na diski mpya zinakwama kwa hizo ngazi badala ya kuteleza nje. Mikwaruzo midogo unaisawazisha na tupa laini, taratibu, pande zote sawa. Ngazi zikiwa za kina tafuta hausingi, kukata sana kutaleta kelele na kugonga. Bolti za springi zikaze kwa mkingamo kidogo kidogo, ni ndogo na zinaingia kwa aluminiamu, ukizikaza kama nati za gurudumu utalia.

Na asubuhi ikiwa baridi ikaruka kidogo unapotia gia ya kwanza, hiyo sio ugonjwa, ni oili imenatisha diski. Injini ikiwa imezimwa tia gia ya 2, vuta klachi, isukume mbele na nyuma mpaka iachie, halafu piga kiki.

SWALI: Niko na Honda CG125 ya zamani nimempa kijana afanye boda hapa Luanda. Aliweka diski mpya wiki mbili zilizopita na tayari inateleza tena akibeba watu. Anataka pesa ya diski zingine. Nimpe?
– Mama wa boda, Luanda

JIBU: Mama, usimpe bado. Kwanza vuta leva mwenyewe: ncha yake inatakiwa icheze bure kama milimita 10 mpaka 20 kabla ya kuwa ngumu. Kama haichezi kabisa, waya umekazwa sana na klachi inakaa imeshikiliwa nusu siku nzima, hapo diski zozote zitaungua. Ikiwa inacheza vizuri, muulize ameweka oili gani na akuletee chupa. CG, tangu ianze kutengenezwa mwaka wa 1976, injini, gia na klachi zinaogelea kwa oili moja, na oili nyingi za magari madogo zimewekwa dawa za kupunguza msuguano, ambao klachi ndio inaishi nao. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA ama MA2, hiyo ni alama ya Kijapani ya oili za pikipiki. MB usichukue, hiyo ni ya skuta zenye klachi kavu. Mwaga ya zamani, weka mpya kama lita moja, atembee siku chache, umwage tena. Ikiendelea kuteleza ndio ufungue, na hapo upime springi pia, kwa sababu springi zilizofupika hazijali diski ni mpya ama nzee. Kijana wako anaweza kuwa mkweli kabisa, chupa ya gari huwa bei poa na watu wa boda wanahesabu kila shilingi.

SWALI: Kijana, nina Triumph 650 ya miaka ya 60, niliinunua kwa mzungu wa shamba huku Njoro. Diski mpya zimeingia, skrubu ya katikati nimeirekebisha, klachi bado inaburuta, haiachii vizuri. Spana zangu za milimita hazishiki nati hata moja.
– Mzee wa Njoro

JIBU: Shikamoo mzee. Spana tafuta za Whitworth, kile kipimo cha zamani cha Waingereza, za milimita zitakula nati zote. Klachi yako, kama piki ni ya 1963 kwenda mbele, iko na springi 3, na nati zake zisipokazwa sawa presha pleti inatoka ikiwa imeinama, upande mmoja umeachia na mwingine bado umeshika. Anza na nati zote zikiwa sawa na ncha za stadi zake. Fungua kifuniko, mtu avute leva, wewe sukuma kiki kwa mkono ukitazama ukingo wa pleti inavyozunguka. Mahali inapotoka nje sana, kaza nati iliyo karibu nusu mzunguko, tazama tena. Itakuchukua kikombe cha chai na nusu. Ukimaliza weka oili nyepesi kwa hiyo kesi ya cheni, mililita 350 tu, ikizidi sana itaburuta tena na utadhani mimi nimekudanganya.