Mfanyabiashara hulipia habari, taarifa au data?

SWALI: Nanunua mahindi Masindi na kuyauza Busia, mpakani. Kila asubuhi nampigia dalali anipe bei za siku, kisha namtumia hela kidogo kwa simu. Mwenzangu anasema nanunua "data", mimi nasema "habari". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Busia)

JIBU: Ndugu yangu, unacholipia ni taarifa. Wewe umekaribia kuliko mwenzako.

Huku Uganda neno data limeshikamana na bando. Intaneti ikikata tunasema "data imeisha". Ile kodi ya asilimia 12 iliyoanza Julai 2021, baada ya kufutwa ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, inatozwa kwenye data ya namna hiyo, bila kujali umeitumia kuuliza bei au kutazama mpira. Maana yake nyingine ni takwimu ghafi: bei za mwaka mzima ulizoziandika daftarini ni data, nazo hukusanywa.

Habari hupashwa, na anayekupasha hadai malipo. Tunasalimiana kwayo! Ni kweli neno hili limepanuliwa, hata katika TEHAMA, Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, kwa hiyo hujakosea kulitumia. Lakini sikiliza methali: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hapo habari ni kule kujua tu kwamba jambo limetokea.

Taarifa hutolewa, aghalabu kwa mtu anayeihitaji ili aamue jambo. Asili yake ni Kiarabu, shina moja na maarifa. Dalali akikuambia saa moja asubuhi kwamba malori ya mahindi yamekwama njiani na bei ya kilo imepanda, hiyo ni taarifa: unaamua kupakia leo. Ikifika adhuhuri soko zima linajua, imekuwa habari, na hakuna wa kuitolea hata shilingi.

Tazama pia kitenzi "kununua". Gunia ukiliuza linaondoka, huna tena. Dalali akikupa bei, yeye bado anayo, na dakika mbili baadaye atampa mwingine. Unachomlipia ni kuwahi. Ndiyo maana mimi husema "kulipia taarifa". "Kununua taarifa" si kosa, ila kunaifananisha mno na gunia.

Na upatanisho wa maneno haya: sema taarifa hii, taarifa hizi, data hizi, lakini maarifa haya.