Hakukusudia, lakini fidia bado ipo

Dadangu, umeuliza kama unaweza kudai fidia kwa ule mkono uliovunjika uliposhuka kwenye boti ya Mokowe, maana nahodha anaapa hakukusudia. Unaweza. Kutokusudia hakumwokoi.

Kusudi hutazamwa pale mtu anapokupiga, kukusukuma au kukufungia ndani. Hapo hata usipoumia dai lipo, kwa sababu amekugusa au kukuzuia bila ridhaa yako. Uzembe una njia yake: uonyeshe alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwako, hakuutimiza, na hilo ndilo lililokuumiza. Aliyekutoza nauli ana wajibu, hapo hakuna ubishi. Vita vyote viko kwenye ule ubao wa kukanyagia ulioupita uliposhuka botini. Ulioza tangu lini? Alijua, au alipaswa kujua? Kama abiria wa jana alimwambia, naye akaufunika gunia tu, kesi imeiva. Lakini kama ubao ulikuwa mzima na wimbi la ghafla ndilo lililokutupa, hapo pagumu.

Jiandae kuulizwa kwa nini ulishuka na simu mkononi (wakili wake hatalisahau hilo). Ikionekana nawe ulichangia, fidia hupunguzwa kwa kiasi hicho.

Hapa Kenya una miaka 3 tangu siku ya ajali. Ukiishtaki serikali, miezi 12 tu. Upige picha ubao leo, kabla haujabadilishwa, na karatasi za hospitali usimwachie mtu.