Kutazama nyoka mashambani Kilifi: anza na masikio

Ndugu, unasema umezunguka mikorosho ya Kilifi siku tatu bila kuona hata nyoka mmoja. Nadhani unatazama chini mno, tena unatembea haraka. Koboko wa kijani huishi juu, kwenye miembe na mikorosho yenye majani mazito, na hushinda ametulia tuli.

Toka jua linapochomoza hadi saa nne hivi. Piga hatua kumi, simama dakika tano, sikiliza. Ndege wadogo waitwao shore wakikusanyika kwenye tawi moja na kupiga kelele bila kuondoka, hapo pana kitu: nyoka, bundi au paka. Tazama kwa darubini ukiwa mita kumi, ukifuata matawi polepole. Usisimame chini ya tawi lenyewe.

Kijani si kitambulisho. Mwenye macho makubwa na kichwa kifupi huenda ni bumslangi, ambaye sumu yake huzuia damu kuganda. Wengine wembamba hawana sumu kabisa. Kwa mbali wanafanana, kwa hiyo usimshike yeyote.

Chini ni kifutu wa kuchunga. Yeye hakimbii, hutegemea rangi yake kujificha, na watu humkanyaga. Vaa buti za kupita kifundo, na usiku usitoke bila tochi. Swila hutema mate hadi mita mbili au zaidi, basi miwani. Yakiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika kumi na tano, kisha hospitali. Ukiumwa, usichanje wala usifunge kamba. Vua pete, tuliza kiungo, uwahishwe hospitali.